Ukumbi Uliokosa Wenyewe

SALIM: Haya, karibuni tena. Mimi Salim, na dada Neema karudi safarini. Des Moines hadi Denver kwa gari, huko Marekani, watoto wawili nyuma. Mlifika wazima?

NEEMA: Tulifika, kaka, ila viti vya nyuma ni makombo matupu. Denver nitakusimulia siku nyingine. Leo nina kituo kimoja tu: Lincoln, mji mkuu wa jimbo la Nebraska. Uko barabara namba 80, mahindi huku, mahindi kule, ukikaribia mjini unaona mnara.

SALIM: Mnara wa nini, msikiti?

NEEMA: (anacheka) Bunge la jimbo! Majengo mengi ya namna hiyo Marekani yana kuba, kama lile la Washington. Hili limepanda juu mita 120 na ushei, na kileleni kasimama mpanzi wa shaba nyeusi, pekupeku, anamwaga mbegu. Mwanangu mdogo kule nyuma akauliza, "Mama, ni yule wa Biblia, mbegu zikaangukia mwambani?"

SALIM: Na kuingia je, mpaka uwe na mtu wako ndani?

NEEMA: Bure kabisa, na kuna wa kukutembeza. Walijenga kuanzia 1922 mpaka 1932, karibu dola milioni 10, bila mkopo. Wanatoza kodi, wanajenga, wanatoza, wanajenga. Mchoraji wa ramani, Bertram Goodhue, akafa 1924, hakuliona likiisha.

SALIM: Miaka kumi bila deni. Hebu tuendelee kabla sijaumwa kichwa.

NEEMA: Sasa sikiliza. Walijenga kumbi mbili, wa wawakilishi na wa maseneta. Ule wa maseneta una milango ya mbao, imechongwa mwanamume na mwanamke wa makabila ya wenyeji, na mmea wa mahindi katikati. Mizito hiyo! Nilisimama pale mpaka baba watoto akaanza kuniita. Basi, 1934 wananchi wakapiga kura: baraza moja linatosha. Likaanza 1937. Ukumbi una miaka mitano tu, wenyewe wamefutwa.

SALIM: Na sisi Kenya tuliivunja seneti 1966, halafu katiba ya 2010 ikaturudishia. Nani aliwashawishi hao?

NEEMA: George Norris, naye seneta wa Nebraska, ila katika bunge la taifa kule Washington. Inasimuliwa alizunguka jimbo zima kwa gari mpaka akamaliza seti mbili za matairi. Alisema mabaraza mawili yakivutana, muswada unapelekwa kwa kamati ya watu wachache, wanajifungia, raia hajui nani kaupunguza wapi.

SALIM: Lakini Tanzania nanyi mna bunge moja pale Dodoma, dada. Ajabu iko wapi?

NEEMA: Ajabu ni kwamba kwenye uchaguzi wa bunge la Nebraska, karatasi ya kura haiandiki chama. Jina tu. Mimi hilo ndilo lililonishika kuliko mnara. Na wabunge walishuka kutoka 133 hadi 43. Leo ni 49, wote wanaitwa maseneta. Mshahara dola 12,000.

SALIM: Kwa mwezi.

NEEMA: Kwa mwaka, Salim.

SALIM: (kimya) Rudia polepole, dada. Kuna waheshimiwa Nairobi mtandao umewakatikia.