Gari Likikwama, Mkono Uende Wapi Kwanza?

Mwenyekiti, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliopambana na foleni ya Thika Road mkafika kabla ya saa kumi na mbili, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze kuhusu vifaa vya kubeba unapokwenda kupiga kambi mbali na lami. Nimevitandaza hapa mezani, na naona macho ya wengi wenu yako kwenye ile winchi, mashine ya kulivuta gari kwa waya. Hiyo itangoja.

Wengi wetu hupakia gari kwa orodha. Unaomba ya rafiki, unatia alama moja baada ya nyingine, na orodha ikiisha unajiona uko tayari. Mimi naomba tupakie kwa kuifikiria saa moja tu: saa ya kwanza baada ya gari kukataa kwenda. Mkono unashika nini kwanza, halafu nini? Kitakachohitajika kwanza ndicho kiingie garini mwisho. Sepetu iliyolala chini ya hema, magodoro na sanduku la barafu ni mzigo kama mizigo mingine, maana huwezi kuifikia bila kushusha nyumba nzima kwenye tope.

Naanza na hiki kidogo: geji ya kupima upepo wa tairi. Kinaingia mfukoni, na kina faida kuliko nusu ya vitu vilivyo kwenye meza hii. Hapa mjini wengi tunaendesha kwenye psi 32 hadi 36. Ukifika mchangani na upepo huo, tairi linachimba kama jembe. Shusha hadi 18 na tairi linatanuka, hasa kwa urefu, linagusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, na uzito ule ule wa gari unatawanyika. Mara nyingi gari lililokwama linatoka lenyewe hapo hapo, bila kamba na bila kusukumwa. Usishuke sana chini ya 15 kama hujazoea, kwa sababu ukikata kona tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na ukishashusha, endesha polepole. Tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa linapata joto, na likipata joto linapasuka.

Aliyeshusha lazima ajaze, kwa hiyo geji inakuja na kompresa. Tazameni waya za hii: zina vibano vya kushika kwenye betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti zinafaa kwa tairi za gari dogo mjini, lakini kompresa ya nguvu ukiichomeka pale inaunguza fyuzi. Na ukijaza, injini iwe inanguruma, usije ukajaza matairi manne ukabaki na betri iliyokufa.

Baada ya upepo, sepetu. Iwe ya mpini mrefu, kwa sababu mchanga unaoshikilia gari uko chini ya ekseli, na ile fupi ya kukunja inakulaza kifudifudi kwenye jua. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, utengeneze mteremko mdogo wa kupandia, kisha ingiza zile mbao za plastiki zenye meno. Asiye nazo akitumia mkeka wa gari badala yake, ajue kwamba vipande vyake hurushwa nyuma kama risasi gurudumu likishika, basi asisimame mtu nyuma.

Sasa kamba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hufa. Kuna kamba ya kuvuta gari bovu barabarani, isiyonyumbuka, na kuna kamba ya nailoni iliyotengenezwa inyumbuke. Hii ya nailoni inaweza kurefuka karibu asilimia 30, ndiyo maana gari linalovuta linaweza kuondoka kwa mwendo kidogo na lililokwama likang'oka taratibu. Ukifanya mvuto huo huo kwa mnyororo au waya wa chuma, kitu lazima kikatike, na kikikatika kinaruka. Pete hizi za chuma zenye umbo la U na pini ya kuzungusha zimepigwa chapa ya mzigo: hii imeandikwa tani 4.75. Pete isiyo na chapa, niliyoiona ikiuzwa kwa bei ya chapati mbili, ifungieni geti la nyumbani.

Na jambo moja nitalirudia hadi mnichoke. Msifunge kamba kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Haukuundwa kwa mvuto wa ghafla. Australia, ambako mchezo huu ni mkubwa, watu wameuawa na mpira huo ulipokatika ukaruka na kamba kupenya kioo. Tafuta ndoano au tundu la kuvutia lililofungwa kwenye chesisi, ulijue ukiwa bado nyumbani, si ukiwa umepiga magoti kwenye tope. Kamba ikishafungwa, lazeni blanketi zito au koti katikati yake, halafu kila asiye dereva asogee mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Jeki hii ndefu, Hi-Lift ya inchi 48, ni nzuri na ni hatari. Mpini wake ukikuponyoka unarudi juu na unaweza kukuvunja taya, kwa hiyo uso usiwe juu ya mpini hata mara moja. Inahitaji mahali pa chuma pa kushikia. Land Cruiser za kazi zinapo. Magari mengi tunayoendesha humu Nairobi yana bampa za plastiki, na jeki hii itakuvunjia bampa tu. Kwa magari hayo beba jeki ya chupa na ubao wa mbao ngumu wa kuweka chini yake isizame. Ubao huo utaupata Gikomba, na utakufaa kuliko jeki ya pili.

Tukienda kaskazini, shida kubwa mara nyingi ni mawe kuliko mchanga. Wengi wenu mtapitia Isiolo, mshike lami ya kwenda Marsabit, muiache pale Laisamis muelekee Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Barabara hiyo ilitengenezwa upya ili ipitishe mitambo 365 ya upepo iliyoko karibu na ziwa hilo, kwa hiyo watu wamezoea kuiita rahisi. Ni rahisi kuliko zamani. Lakini ukitoka nje yake kidogo, kuelekea Mlima Kulal kwa mfano, unakanyaga mawe ya volkano yenye makali, na makali hayo hayachomi kwenye uso wa tairi bali ubavuni. Sindano na kamba za kuziba pancha mlizonazo zinaziba uso tu. Ubavu uliochanika hazijui. Ndiyo maana nasema spea mbili. Aliye na nafasi ya spea moja abebe chubu moja, viraka vikubwa, na vyuma viwili vya kubandua tairi, kisha aende kwa fundi wa pancha wa mtaani kwake amlipe amfundishe kubandua tairi kwa mkono. Ni mchana mmoja wa jasho.

Kuna pia yale mawimbi ya barabara ya murram yanayotikisa gari hadi meno. Hayo hayavunji kwa kishindo, yanalegeza. Jioni, kabla hujawasha moto wa chai, chukua spana namba 10, 12 na 14, uzunguke gari: vibano vya betri, boliti za keria, boliti za shokabsoba. Utashangaa ni ngapi zinazungushika kwa vidole.

Kwenye sanduku la dharura, wale mnaopenda kununua vifaa dukani mtaniona mshamba. Vitu vyangu vya thamani humo ni blada (zile kanda za mpira zilizokatwa kwenye chubu), waya wa kufungia, na kipande cha sabuni ya kufulia. Tangi la petroli likipasuliwa na jiwe, petroli ikaanza kudondoka, zimeni kila moto, kausha ule ufa kwa kitambaa, halafu sugua sabuni kavu ndani yake kwa nguvu hadi ijae. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, na itakufikisha mji unaofuata. Kwa rejeta usijaribu, maana maji ya moto yataiosha dakika hiyo hiyo. Mpira wa rejeta ukipasuka, ngoja injini ipoe kabisa, kausha mpira, kisha vuta blada kwa nguvu na uizungushe, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, ukianzia mbali na ufa na kumalizia mbali nao. Fungia waya kwenye ncha. Halafu acha kifuniko cha rejeta kikiwa kimelegea kidogo ili presha isijae, na endesha kwa upole ukitazama geji ya joto. Ile tepu ya fedha mnayoipenda inabanduka ikilowa na kupata moto. Blada, kadiri mpira unavyovimba, ndivyo inavyobana.

Ongeza mkanda wa feni wa gari lako hasa, fyuzi, lita chache za oili, na gundi ya chuma ya kukanda kwa ajili ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Vyote vinapatikana Kirinyaga Road kwa asubuhi moja, ukienda na namba ya chesisi.

Maji. Hesabu lita tano za kunywa kwa mtu mmoja kwa siku kule joto lilipo, na mara mbili ya hizo ukiongeza kupika na kunawa. Yagawe kwenye mitungi kadhaa; mmoja ukipasuka msibaki watupu. Mtu ataniambia, si tunakwenda ziwani? Maji ya Turkana yana magadi na floraidi nyingi, na floraidi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa dawa ya kutia kwenye maji. Mitungi ya mafuta iwe ya rangi tofauti na ya maji, isijazwe hadi mdomoni, na isikae ndani mnamolala watoto.

Simu zenu zitakuwa saa na kamera tu katika sehemu kubwa ya safari. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kama Garmin inReach, kinahitaji kulipiwa kila mwezi. Kilipieni kabla ya kutoka, mtume ujumbe wa majaribio mkiwa hapa Nairobi. AMREF Flying Doctors wako Wilson Airport na wanauza uanachama wa kuja kumchukua mgonjwa kwa ndege, lakini ndege haimtafuti mtu asiyejua yuko wapi.

Vya kambi nitavipita haraka, mnavijua. Taa ya kichwani, kila mtu na yake. Vigingi: upepo ule unaozungusha ile mitambo ndio utakaokuja kwenye hema lako Loiyangalani, na vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema vinapinda kama njiti. Nendeni Kamukunji mkakatiwe nondo za nusu mita. Jiko la makaa lisiingie hemani hata kama baridi inauma. Moshi usioonekana unaua mtu akiwa usingizini. Na hema lisisimamishwe ndani ya laga, yaani mkondo wa mto uliokauka. Mchanga wa laga ni laini, una kivuli cha migunga, unavutia mno, na mvua iliyonyesha milimani usikoiona inaweza kuufikia usiku huku juu yako nyota zinawaka.

Haya, winchi. Inahitaji kitu cha kujifungia. Kule jangwa la Chalbi hakuna mti hata mmoja wa kufungia waya, na chini ya lile ganda jeupe la chumvi, baada ya mvua, kuna tope. Mwenye magari mawili na kamba nzuri amekwisha kuwa na winchi.

Mama pale nyuma ameinua mkono. Anauliza kama Subaru Forester yake itafika Turkana. Itafika, mama, kiangazi, kwa njia ya Laisamis, ukiwa na spea mbili na gari la pili nyuma yako. Chalbi usiiingie. Ila kabla ya hapo nenda Magadi wikendi moja. Lami iko, mafundi wako, na ukitoka pembeni kidogo unapata vumbi na mawe ya kujifunzia. Shusha upepo, jaza upepo, toa spea, rudisha spea, ukiwa bado unaweza kurudi nyumbani kulala. Na kijana anayeuliza kuhusu Probox: Magadi, ndiyo.

Maswali mengine tuyachukue tukinywa chai. Jeki naiacha hapa imesimamishwa. Anayetaka kuijaribu aje mmoja mmoja, na asimame upande huu wangu, si mbele ya mpini.