Kahama, Hajasaliti: Usajili, Hip-hop na Runinga

JANGWANI: Karibuni kijiweni. Kwa anayetusikiliza leo kwa mara ya kwanza, hapa hatuitani majina ya nyumbani. Mimi ni Jangwani, Yanga tangu utotoni. Mwenzangu ni Msimbazi, Simba damu, na jezi yake nyekundu hata msibani anaivaa.

MSIMBAZI: Naivaa popote, kaka. Na leo nina jambo linanikera kweli: neno usaliti. Dirisha la usajili likifunguliwa tu, mchezaji akimwaga wino kwingine, mtandao mzima unamwita msaliti. Aisee, tunawaonea hawa vijana.

JANGWANI: Dada, unasema hivyo wewe? Simba ninyi Julai 2024 mlilia mtaa mzima, kiungo wenu Chama alipotambulishwa kwetu!

MSIMBAZI: Tulilia, nami niliumia. Clatous Chama alikuja Msimbazi mwaka 2018, na miezi michache tu baadaye akatupa lile goli la kisigino dhidi ya Nkana ya Zambia. Machi 2019 dakika zinakatika, AS Vita ya Kongo wamekaza, yeye ndiye aliyetupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mtu kama huyo ukimwona kwenye jezi ya kijani unaumia. Lakini jiulize, mkataba wake ulikuwa umefika wapi? Ulikuwa umekwisha. Ni sawa na mpangaji aliyelipa kodi hadi Juni, Julai akahamia nyumba ya pili. Utamwita mwizi?

JANGWANI: Kahamia kwa jirani mliyegombana naye tangu enzi za babu.

MSIMBAZI: Jirani ndiye aliyeweka mezani alichokitaka. Na tusisahau, Chama aliwahi kuondoka kabla ya hapo. Mwaka 2021 aliuzwa RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarudi, tukampokea kwa shangwe. Safari ya Morocco tuliiona kazi. Safari ya kuvuka mitaa kadhaa hapo Kariakoo ndiyo tukaiona dhambi.

JANGWANI: Hapo sikukatalii. Ila nikwambie kinachomuuma shabiki. Shabiki hapokei mshahara. Ananunua jezi, analipa kiingilio, anatoka Mbagala na daladala mbili kwenda uwanjani kwa Mkapa, usiku anarudi kwa miguu. Yeye hana mkataba unaoisha. Kwa hiyo akiona mtu aliyembusu nembo jana anabusu nyingine leo, ana haki ya kunung'unika.

MSIMBAZI: Kunung'unika sawa. Matusi kwa mama wa mchezaji, hapana.

JANGWANI: Hapana kabisa, hilo tuko pamoja.

MSIMBAZI: Sasa nikupeleke kwenye kesi iliyonifundisha kuangalia mikataba. Fei Toto.

JANGWANI: Eeh, umegusa kidonda.

MSIMBAZI: Nakigusa kwa heshima. Feisal Salum, kiungo kutoka Zanzibar, mwishoni mwa mwaka 2022 akaingiza kwenye akaunti ya klabu yenu shilingi milioni 112. Milioni 100 fedha ya usajili aliyopewa, na milioni 12 mshahara wa miezi 3. Kwa hesabu yake, kavunja mkataba, yuko huru. Klabu ikasema hapana, mkataba hauvunjwi na mtu mmoja. Kesi ikaenda TFF, shirikisho la soka, kamati ikasema bado ni mchezaji wa Yanga.

JANGWANI: Na kamati ilikuwa sahihi. Mimi nilisimama na klabu siku ile, leo pia nimesimama. Mkataba ulikuwa hadi 2024. Ukiruhusu kila mtu arudishe hela aende zake katikati ya msimu, hakuna timu itakayojengwa.

MSIMBAZI: Sawa, kisheria nakubaliana nawe. Ila tazama kilichofuata. Kijana wa miaka 24 au 25, yuko kwenye ubora wake, akakaa nje nusu msimu. Nusu msimu, kaka! Wakati huohuo ninyi mnacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger.

JANGWANI: Ambayo tulishinda kule kwao 1-0 na bado kombe likabaki Algeria, kwa kanuni ya goli la ugenini. Tulifungwa 2-1 kwa Mkapa. Dada, siku ile...

MSIMBAZI: Pole. Hata mimi siku ile niliwaombea, nasema kweli. Sasa Juni 2023 Rais Samia akawaalika Ikulu kuwapongeza, na hapohapo akawaomba viongozi wenu walimalize suala la Feisal. Siku chache baadaye kijana yuko Azam FC. Yaani mkataba wa mchezaji mmoja wa ligi umefika mpaka kwa mkuu wa nchi! Mimi naona kosa lilianzia siku ya kusaini. Kama kungekuwa na kipengele kinachosema wazi, atakayemtaka alete kiasi fulani, mambo yangeishia ofisini.

JANGWANI: Na msimu wa kwanza Azam akafunga magoli 19. Aziz Ki, aliyekuwa wetu wakati ule, akafunga 21 akachukua kiatu cha mfungaji bora. Nilimtazama Fei msimu ule mzima, nikifurahia mpira wake na moyo unauma. Yale magoli yangekuwa yetu.

MSIMBAZI: Umeona? Bado unampenda.

JANGWANI: Nampenda. Sijawahi kumchukia. Lakini nikupe na mfano wa kuondoka kuzuri. Mshambuliaji wetu Fiston Mayele. Kaja kutoka AS Vita mwaka 2021, katufungia, katufundisha kutetema, ule mtindo wake wa kushangilia, nchi nzima. Watoto wa chekechea walikuwa wakifunga goli la mpira wa makaratasi wanatetema! Mwaka 2023 Pyramids ya Misri wakaja na ofa, klabu ikakubali, akaaga. Mwaka 2025 amefunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Mamelodi Sundowns, Pyramids wakabeba. Mtaani kwetu watu walishangilia kama Yanga ndiyo imechukua.

MSIMBAZI: Nasi tulikuwa na Luis Miquissone. Februari 2021 kawafunga Al Ahly kwa Mkapa goli moja ambalo naweza kulichora hapa mezani, na Agosti ileile Al Ahly wakaja kumnunua. Sikukasirika hata kidogo. Nilisema nenda mwanangu.

JANGWANI: Basi jibu liko hapo. Akienda mbali tunampa baraka, akienda kwa jirani tunampa laana.

MSIMBAZI: Na ndiyo maana nasema siyo usaliti. Ni umbali tu unaotusumbua. Sasa niruhusu nihamie kwenye muziki, maana kule mikataba inauma zaidi.

JANGWANI: Twende.

MSIMBAZI: Mwimbaji Harmonize alipoondoka Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka 2019, alisema mwenyewe hadharani kwamba ilimbidi alipe shilingi milioni 500 ili awe huru, na kwamba aliuza nyumba. Sasa linganisha. Fei alitaka kuondoka kwa milioni 112, nchi ikasimama. Msanii kaondoka kwa milioni 500, tukabaki kubishana nani kamwonea wivu nani. Hakuna kipindi nilichokisikia kikikaa chini kueleza ile hela ni ya nini. Ni ya nyimbo? Ni ya jina? Ni ya gharama za video?

JANGWANI: Mimi nitaitetea lebo kidogo. Mtu kachukuliwa hajulikani, kagharamiwa studio, mavazi, safari. Lazima hela irudi. Rayvanny naye alipotoka Wasafi mwaka 2022 alishakuwa jina kubwa, na ukubwa ule hakuupata akiwa amelala.

MSIMBAZI: Irudi, ndiyo. Ila mchezaji ana TFF, akishindwa ana FIFA, akishindwa kuna mahakama ya michezo kule Uswisi. Mchezaji Bernard Morrison kesi yake na klabu yenu ilifika huko! Msanii wa miaka 20 aliyetoka Mtwara au Mbeya anakwenda wapi? Hilo ndilo linaniumiza.

JANGWANI: Hapo umenikamata. Ila nikwambie, kuna watu walilikwepa hilo tatizo mapema. Wana-hip-hop.

MSIMBAZI: Nilijua utafika huko.

JANGWANI: Nimekulia Arusha, nitaacha vipi? Kundi la Weusi, dada. Angalia walivyojengwa. Kulikuwa na River Camp Soldiers, Joh Makini, Nikki wa Pili na Bonta. Kulikuwa na Nako 2 Nako, G Nako na Lord Eyes wakiwemo. Makundi mawili ya mji mmoja, ambayo yangeweza kutunishiana misuli mpaka leo, yakaungana yakawa kampuni yao wenyewe. Hakuna aliyemsajili mwenzake. Nikki mwaka 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe, na hakuna aliyesema kawasaliti wenzake.

MSIMBAZI: Kweli. Na hata Professor Jay. Alikuwa na kundi la Hard Blasters, mwaka 2001 akatoka na albamu yake mwenyewe, mwaka 2015 akaingia bungeni kwa jimbo la Mikumi. Kahama mara ngapi? Bado ni Jay. Alipougua watu walichanga na kumwombea bila kuuliza chama wala kundi.

JANGWANI: Kwa sababu emsii, yaani mwana-hip-hop, hahami na sauti ya mtu mwingine. Mistari ni yake. Mwimbaji akitoka kwenye lebo anaweza kumwacha prodyuza, mwandishi na meneja, akaanza upya. Emsii anaondoka na daftari lake.

MSIMBAZI: Na ndiyo maana nitasema, mwenye daftari zito kuliko wote ni Fid Q.

JANGWANI: Haya, tumeanza.

MSIMBAZI: Mimi Msukuma wa Mwanza, Ngosha, ndiye huyo Fid, ni wetu, lakini siongei kwa sababu ya ziwa. Fid Q anakupa mstari leo, unacheka, baada ya wiki uko kwenye daladala unagundua ulikuwa na maana ya pili. Vina vyake havipo mwishoni tu mwa mstari, viko mwanzo na kati pia. Hiyo ni kazi ya mtu anayesoma. Mashairi ya zamani ya pwani yalikuwa na vina vya kati na vya mwisho, na yeye kayabeba kwenye biti.

JANGWANI: Sipingi ufundi. Mimi namchagua Joh Makini kwa sababu ya mtiririko. Joh anapumua sehemu ambayo wengine wangekwama. Na kabaki na lafudhi ya kwetu, hakujifanya wa Sinza. Ukisikia sekunde 5 unajua huyu kashuka na baridi ya Meru.

MSIMBAZI: Joh simshushi. Ila ukiniambia niache mmoja kisiwani na redio, nabaki na Fid.

JANGWANI: Mimi na Joh. Wasikilizaji watatuamua. Haya, runinga.

MSIMBAZI: Runinga nina furaha moja na lawama moja. Furaha kwanza. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF haki za kuonyesha ligi kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Ligi yetu imekuwa kitu cha kila siku. Bibi yangu Sengerema anawajua mabeki wa timu za mkoani kwa majina. Zamani ungeijua Simba na Yanga tu, na kwa redio. Sasa banda umiza la kijijini linajaa kwa mechi ya Namungo.

JANGWANI: Na hela hiyo ndiyo imeinua usajili. Zamani ilikuwa mfadhili mmoja akinuna, timu inalala njaa. Leo hata timu ndogo ina fungu linalojulikana. Klabu zinasajili wageni mpaka 12, wanatoka Burkina Faso, Ivory Coast, Zambia, Kongo. Ila nina wasiwasi na namba tisa wetu, washambuliaji wa kati. Kijana wa Kitanzania anapata dakika wapi?

MSIMBAZI: Samatta alizipata wapi? Alitoka hapa Msimbazi mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Kongo, akapambania namba na Wakongo na Wazambia, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk ya Ubelgiji, Januari 2020 yuko Aston Villa ya England. Mwezi Machi kafunga Wembley dhidi ya Manchester City. Ushindani haukumuua.

JANGWANI: Samatta ni mmoja. Mimi naangalia wale 20 waliokuwa nyuma yake. Bado nasema wageni wapungue kidogo.

MSIMBAZI: Tutalirudia hilo siku nyingine, ni refu. Lawama yangu sasa. Tuna vituo vingi, tamthilia nzuri za hapa nyumbani, za Kituruki zilizotiwa Kiswahili mpaka mama zetu wanapika ugali unaungua. Lakini nitajie kipindi ambacho emsii anakaa, anawekewa mistari yake kwenye kioo, anaulizwa, hapa ulimaanisha nini? Anaulizwa kaachana na nani.

JANGWANI: Kweli kabisa. Na michezoni ni hivyohivyo. Saa nzima ya tetesi, "chanzo chetu kinasema," lakini hakuna anayekwambia mkataba wa mchezaji unaisha lini.

MSIMBAZI: Basi tufanye sisi. Wiki ijayo tuchukue vikosi vya Simba, Yanga na Azam, tutaje yaliyotangazwa na klabu zenyewe tu: nani kasaini lini, miaka mingapi, nani anabakiza miezi 6 na anaruhusiwa kuongea na timu nyingine. Shabiki ajiandae mapema.

JANGWANI: Nakubali. Ya Yanga nayaandaa mimi.

MSIMBAZI: Ya Simba na Azam niachie. Na ninyi mnaotusikiliza, tumeni sauti zenu, Fid au Joh, na mtaje mstari wenyewe. Bila mstari hatuhesabu.