Spea za lori la dizeli: muulize muuzaji nani katengeneza

Wakuu, sogeeni huku mbele maana jenereta la jirani linapiga kelele. Mada hii nimeshaisema sana na nitaendelea kuisema, kwa sababu magari bado yanaingia gereji na ugonjwa ule ule. Mwenye lori akipiga simu swali lake ni moja: fundi, ninunue kwa wakala wa kiwanda au niende maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam? Na mimi namuuliza, spea gani? Bampa ni habari nyingine na filta ya dizeli ya injini ya komonreli, ile ya kisasa yenye kompyuta na presha kubwa ya dizeli, ni habari nyingine kabisa, na leo tunaanza na hiyo filta.

Kuna tipa lililetwa kwetu, mlimani halivuti, asubuhi linawaka kwa tabu na moshi mweupe. Mwenyewe kashabadilisha vitu kibao huko alikotoka na kakasirika kweli kweli. Tukafungua filta ya dizeli, nikamwambia kijana aikate kwa msumeno bosi mwenyewe akiwa amesimama pale. Nje rangi safi, maandishi safi, boksi lina mpaka stika inayong'aa. Ndani sasa! Mikunjo ya karatasi mingine imegandana, mingine imeachana, gundi ya chini imebanduka mpaka unapitisha ukucha. Maana yake dizeli ilikuwa inapita pembeni ya karatasi na uchafu wake wote, moja kwa moja kwenye pampu na nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Nozeli zikaenda kupimwa, zote zinavujisha, hakuna ya kurudisha. Filta alinunua robo ya bei, seti ya nozeli ni mamilioni, na gari limesimama mzigo unadaiwa.

Mnajua kwa nini nang'ang'ania hapa? Komonreli inasukuma dizeli kwa presha ya baa 1,600 na zaidi, zingine zinapita 2,000, wakati tairi la lori unajaza baa 8 hivi. Na ndani ya nozeli nafasi kati ya chuma na chuma ni mikroni chache tu, mikroni moja ni milimita moja igawe mara 1,000. Vumbi ambalo jicho halilioni linatosha kukwangua pale.

Utaniambia Fuso yako ya zamani imekula filta za bei chee miaka yote na inatembea. Sawa, pampu ile haina kompyuta na presha yake ni ndogo, inavumilia. Usiilinganishe na gari la sasa.

Na kuna mtu hapo nyuma anasema fundi huyu katumwa na mawakala. Hapana bwana! Wakala ni ghali, ukweli usemwe, na spea ikiwa ya kuagiza gari linalala. Ila viwanda vingi vya malori havitengenezi filta wala klachi vyenyewe, vinanunua kwa kina Mann, Mahle, Bosch, Denso, Sachs, halafu vinaweka kwenye boksi lao. Ukikipata kitu cha mtengenezaji yule yule kwenye boksi lake mwenyewe, umepata ubora wa wakala na pesa imebaki mfukoni. Kwa hiyo dukani usiseme nipe orijino, kila muuzaji ana orijino yake. Toa chesisi namba ya gari, pata pati namba, yaani namba ya spea yenyewe, uliza nani katengeneza, halafu angalia namba iliyogongwa kwenye spea yenyewe maana boksi linachapishwa popote. Akikasirika ukifungua boksi, toka, nenda duka la pili.

Muda umebana, niende haraka. Nozeli mpya za komonreli nyingi zina kodi, yaani herufi na namba za kuitambulisha nozeli, imechorwa juu, ile kodi iingizwe kwenye kompyuta ya injini, fundi asiye na mashine ya kuingiza asikuguse. Lainingi za breki usicheze nazo, gari linashuka mlima Kitonga na mzigo na kuna mabasi ya watu mbele yako. Gari lenye waranti soma masharti kwanza kabla hujafunga kitu cha nje. Saidi mira, bampa, madigadi, nunua popote unapopenda, sina ugomvi.

Haya, nani kaja na filta yake ya zamani kama nilivyoomba? Lete hapa mezani tuikate.