Mazrui wa Ngomeni na Mazraoui wa Manchester

RUKIA: Inarekodi? Haya. Assalaam aleikum, karibuni barazani. Kahawa ipo. Mahamri hakuna, msiniulize mimi, muulizeni Katana.

KATANA: Yalikuwa manane tu.

RUKIA: Manane! Haya. Leo tuna mambo matatu kuhusu majina ya ukoo, nimeyaandika hapa kwa wino kabisa. La kwanza...

KATANA: Kabla ya la kwanza, Bi Rukia. Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu Fort Jesus. Yule wa maswali.

RUKIA: Aliyeuliza kwa nini feri haina breki.

KATANA: Huyo huyo. Amevaa jezi yake ya Manchester United, hata kulala anailalia. Tumetoka ngomeni, jua la saa saba linachoma, nikamwonyesha makaburi ya kina Mazrui pale karibu. Nikamwambia hapa ndipo alipozikwa Profesa Mazrui, mtu mkubwa sana, dunia nzima inamjua. Mtoto akavua kofia. Akanyamaza. Nikasema moyoni, kumbe huyu ana adabu. Kisha akanivuta shati: "Mjomba, amekufa lini? Mbona juzi alicheza?"

RUKIA: [anacheka] Ya Rabi!

KATANA: Beki wa kulia! Noussair Mazraoui! Nimebaki pale kama mlingoti.

RUKIA: Ukamwambiaje?

KATANA: Nikamwambia ni ukoo mmoja.

RUKIA: Katana!

KATANA: Kwani si mmoja? Mazrui, Mazraoui. Mmoja wa Mombasa, mwingine wa Moroko.

RUKIA: Si mmoja hata kidogo. Yule kijana kazaliwa Uholanzi, wazazi wake ni wa Moroko. Na jina lenyewe si hilo. Mazrui wa kwetu, ukiliandika kwa Kiarabu, lina herufi ya aini ndani. Latokana na kupanda, kupanda mbegu. La beki wako halina aini.

KATANA: Iko wapi hiyo aini?

RUKIA: Kooni. Sikiliza. Maz-ru-'i.

KATANA: Mazrui.

RUKIA: Hapana. Bana hapa chini. 'I.

KATANA: Aaah.

RUKIA: Hiyo ni ya daktari wa meno.

KATANA: Eeeegh.

RUKIA: Hiyo ni ya mbuzi. Wasikilizaji, poleni.

KATANA: Lakini nikuulize, yakhe. Yule muuza madafu wa hapo nje anaitwa nani?

RUKIA: Ali.

KATANA: Umeitoa hiyo aini? Ali si inaanza na aini? Nilisoma madrasa ya dirishani, ninyi mkiwa ndani. Waswahili tuliitupa aini baharini zamani. Ali, Omari, Asha, zote tunazitamka kavu. Leo ndiyo unaikumbuka ili umnyime mtoto beki wake.

RUKIA: [kimya] Hilo... haya, hilo kubwa. Lakini kutamka ni mbali na asili. Mkitaka jamaa wa kina Mazrui, watafuteni Uarabuni walikotoka. Waziri wa nishati wa Falme za Kiarabu, Suhail Al Mazrouei, aliyewahi kukaa kwenye vikao vya mafuta vya OPEC, jina lake ndilo hasa. Aini anayo.

KATANA: Kwa hiyo aini ndiyo yenye mafuta.

RUKIA: Astaghfirullah. Turudi kwenye karatasi. La kwanza...

KATANA: Mueleze basi mpwa wangu, maana anasikiliza. Kina Mazrui walikuja lini?

RUKIA: Kwa ufupi. Mreno alifukuzwa ngomeni mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Aliyemfukuza ni Oman, enzi ya Mayaarubi, ukoo uliotawala huko. Baadaye kina Mazrui wakawa maliwali wa Mombasa. Kule Oman ufalme ukabadilika, wakaja Mabusaidi. Liwali wa hapa, Muhammad bin Uthman Mazrui, akasema simjui huyu. Akauawa 1746. Ndugu yake Ali akaichukua tena ngome. Toka hapo wakatawala wenyewe mpaka 1837, Seyyid Said, sultani wa Kibusaidi, alipowamaliza. Wakubwa wao wakapakiwa jahazini, wakapelekwa Bandar Abbas, hawakurudi tena.

KATANA: Na Muyaka.

RUKIA: Na Muyaka bin Haji, mshairi wa upande wao. Wao na mizinga, yeye na mashairi. Ukitaka kujua watu wa Mvita walivyomdharau Seyyid, msome Muyaka.

KATANA: Waliosalia?

RUKIA: Wakagawanyika. Wengine Gazi, kusini huko Kwale. Wengine Takaungu, Kilifi.

KATANA: Kwetu.

RUKIA: Kwenu, naam. Na hapa ndipo nilipotaka kufika, maana ndilo la pili kwenye karatasi: jina moja laweza kukupoteza. Vita vya 1895. Mzee wa Takaungu amekufa, anatafutwa mrithi. Waingereza wanamtaka Rashid bin Salim. Mwenye haki zaidi kwa kawaida ya ukoo ni Mbaruk bin Rashid. Mbaruk akakataa, akaingia msituni. Akasaidiwa na mzee wa Gazi. Na mzee wa Gazi anaitwa...

KATANA: Usiniambie.

RUKIA: Mbaruk bin Rashid.

KATANA: Wawili!

RUKIA: Jina lake, jina la baba, jina la ukoo. Yote sawa. Wale maafisa wa Kiingereza kwenye barua zao, huyu mkubwa, huyu mdogo.

KATANA: Na hakuna aini ya kuwatenganisha.

RUKIA: Hakuna. Mbaruk mkubwa, wa Gazi, ndiye shujaa sasa. Akapigana mpaka 1896, askari wakaletwa kutoka India kuja kumpiga mzee mmoja wa pwani! Alipozidiwa akavuka mpaka kwa Wajerumani na watu wake, akafia huko huko ugenini.

KATANA: Hapo kwenye shujaa, Bi Rukia, mimi nashuka.

RUKIA: Kwa nini?

KATANA: Shujaa wa nani? Mashamba ya Takaungu na Gazi yalilimwa na watumwa. Mwingereza alikuja kunyang'anya, sibishani. Lakini Mbaruk alitetea mamlaka yake, na mamlaka yale yalikaa juu ya migongo ya watu.

RUKIA: Na Wagiriama wengi walimuunga mkono. Wenyeji wenu! Walimpa chakula, walimficha.

KATANA: Walimuunga mkono kwa sababu walifanya naye biashara, na Mwingereza walikuwa hawamtaki. Mtu anaweza kumuunga mkono jirani na asimwite shujaa.

RUKIA: Basi na mtu anaweza kuwa na dhambi na bado akawa shujaa siku ile mizinga ilipokuja. Wewe wataka shujaa aliyeoshwa kwa sabuni.

KATANA: Mimi nataka hesabu moja. Ukitaja ukoo, unataja wote. Umewahi kuniambia habari za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, halafu Al-Islah, akawa kadhi mkuu wa Kenya 1937. Umejivunia. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa 1933 na akafundisha Makerere mpaka Marekani. Umejivunia. Mwingine, Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya *Kilio cha Haki*, aliyewekwa kizuizini 1982. Umejivunia tena. Basi na mashamba nayo yaingie kwenye hesabu hiyo.

RUKIA: Hapana. Kila mtu atabeba mzigo wake. Profesa hakulima shamba la mtu kwa mjeledi. Huyu ndiye aliyetoa vipindi tisa vya televisheni mwaka 1986 kuhusu urithi wetu wa aina tatu, Afrika, Uislamu na Magharibi. Na 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda jopo la kudai fidia ya utumwa, alikuwamo. Mwana wa ukoo huo huo anadai fidia! Hilo si jambo?

KATANA: Ni jambo kubwa. Lakini alidai kwa Mzungu.

RUKIA: Mzungu ndiye aliyevusha mamilioni baharini!

KATANA: Na Takaungu ni mwendo wa matatu kutoka hapa. Nani adai ya Takaungu?

RUKIA: ...

KATANA: Nauliza tu.

RUKIA: Huulizi, unachomeka. Kama ni hivyo, na mimi nikufuate kwa jina lako? Kina Katana wako wangapi Kilifi? Mmoja akiiba kuku, niwafunge wote?

KATANA: Katana si ukoo, ni jina la mtu. Sisi jina la babu linarudi kwa mjukuu. Na kuku wako mmoja si shamba.

RUKIA: Sikubali.

KATANA: Wala mimi.

RUKIA: Wallahi sikubali. Mbaruk nitamwita shujaa hadi kaburini.

KATANA: Kwenye kaburi gani? La ngomeni? Mpwa wangu atakuja kukuuliza umecheza lini.

RUKIA: [anacheka] Mshenzi wewe. Saa ngapi?

KATANA: Fundi ananionyesha vidole viwili.

RUKIA: Dakika mbili? Na mambo yangu matatu? Nilikuwa na la tatu hapa, jinsi fomu za serikali zinavyotaka jina la mwisho na sisi majina ya mwisho ni ya mababa zetu...

KATANA: Wiki ijayo.

RUKIA: Ulisema hivyo hivyo kuhusu bei ya samaki. Hatujaizungumza hadi leo.

KATANA: Sasa nifanyeje na mtoto? Nimwambie si ukoo mmoja?

RUKIA: Mwambie ukweli. Mwambie habari ya aini.

KATANA: Atataka niitoe.

RUKIA: Itoe basi, twamalizia. Bana hapa chini ya koo. Moja, mbili...

KATANA: Eeeegh.

RUKIA: Mbuzi amerudi. Wasikilizaji, kwaherini. Na wiki ijayo, mahamri ni juu ya Katana.