Mtoto wa korosho Newala nimefikaje kuwa daktari Uingereza? Haya, leo najibu

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Leo najibu maana swali ni lile lile, hata nikiposti pilau utalikuta, "dada ulifikaje huko na iligharimu shingapi". Nikijibu kwa kifupi naringa, nikijibu kwa kirefu nalialia huku nalipwa paundi. Basi semeni mtakavyo.

Habari za PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na kukesha naruka, mnazijua. Muhimbili miaka mitano, intanshipu mwaka, hakuna siri hapo. Hela ndo stori yenyewe. Kwetu ada ilikuwa inasubiri korosho, na shule inafunguliwa Januari mnada umeshapita ila malipo hayajaingia, sasa muhasibu wa shule utamwambia nini. Mzee akawa anauza korosho kwa kangomba, yani kwa walanguzi, kabla hata msimu haujaanza, bei ya kutupa, ili mimi niondoke na ndoo na godoro. Kuna baba mdogo alisema mbele yangu, mtoto wa kike unammalizia korosho za nini. Leo presha ikimpanda wa kwanza kupigiwa ni mimi. Tuyaache hayo.

Makaratasi sasa. GMC, wanaosajili madaktari huku, wanataka IELTS, mtihani wa Kiingereza, wastani 7.5 na hakuna sehemu kushuka chini ya 7.0. Halafu PLAB, mtihani wao kwa madaktari waliosomea nje. Ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu. Ya pili ni ya vitendo na inafanyikia Manchester tu, yani unalipia mtihani, viza, tiketi na pa kulala wakati kazi ya huku hujapata, na kule nyumbani Bodi ya Mikopo inakata deni la chuo, asilimia 15 ya mshahara ule ule unaoutegemea.

Ila kilichoniliza ni jina. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika jina la babu alivyolisikia yeye, ng' ikawa n, nikaenda nalo hivyo hadi chuo, na cheti cha kuzaliwa kina lile lingine, pasi nayo ikafuata cheti cha kuzaliwa. Ofisi niliyoenda kurekebisha naihifadhi, njoo kesho, kesho mhusika yuko semina, keshokutwa mtandao hakuna, na Newala sio Kibaha jamani, kila safari ni nauli na kulala kwa watu walioshakuchoka.

Ndo maana vijana ninaowashika mkono WhatsApp, wengi wa Masasi, Newala na Nachingwea, siwaulizi divisheni kwanza. Nawaambia weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo na kitambulisho cha NIDA, soma jina herufi kwa herufi. Kuna kabinti ka fomu faivu vyeti vyake kila kimoja na mtu wake! Sahizi wako kwa wakili na mama yake, mapema kabisa. Mimi kwetu hakuna aliyevuka darasa la saba, nani angenishtua?

Msiseme dada kasema njooni, sijasema. Hii njia ni yangu, mwenzangu tuliyesoma wote yupo hospitali ya Ligula hapo Mtwara, kajenga na analala usingizi kuliko mimi. Na kazi huku zimebana, watu wana PLAB zote mbili na hawaitwi interviu. Usiuze shamba la mzee kwa video yangu. Mnaoomba hela ya IELTS inboksi, sina. Vyeti naangalia bure, ila funika namba, na usinipigie alfajiri ya huko, huku bado usiku na natoka zamu.