Jiwe lako limetoka shimo gani? Mazungumzo na wanaomaliza PhD

Haya, asanteni, kaeni. Mwenyekiti kanipa dakika arobaini, na tangazo pale mlangoni linasema nitaongea kuhusu nafasi za postidoki, yaani utafiti wa baada ya PhD, kwenye sayansi ya vito, kwa hiyo najua nusu yenu mmekuja mkitegemea niwatajie pa kuomba halafu mkanywe chai. Nitawatajia, mwishoni, na ni pachache. Kwanza tugombane kidogo.

Kila mwaka naletewa mapendekezo ya utafiti. Dhahabu ya Geita, dhahabu ya Geita, gesi ya Mtwara, dhahabu ya Geita, maji ya visima Dodoma. Sina ugomvi na dhahabu jamani, hii hapa nimevaa. Lakini nchi hii ina tanzanaiti ya Mererani, spineli ya Mahenge, safaya ya Umba na Tunduru, rubi ya Winza na Longido, na hapo ng'ambo Taita Taveta wenzetu wana tsavoraiti. Fungua jarida la jimolojia, hiyo sayansi ya vito, picha za mawe hayo zimejaa, shuka uangalie majina ya waandishi sasa. Wa kwetu utamkuta mwisho kabisa kwenye shukrani, dereva na mkalimani.

Halafu kuna mtu hapa ndani, simwoni ila namjua, anasema moyoni "Prof, vito ni urembo, ni biashara ya masonara, mimi nimesomea sayansi". Sawa. Mwaka 2016 jarida la Science lilitoa utafiti ulioongozwa na Evan Smith, wakati huo ni postidoki tu pale GIA, ile Taasisi ya Vito ya Marekani, New York. Alichukua almasi kubwa kubwa zile za aina ya Cullinan, ile almasi kubwa maarufu ya Afrika Kusini, pamoja na vipande vinavyobaki wakati wa kukata, akaangalia vidoa vilivyonaswa ndani. Vile ambavyo sonara anaviita uchafu! Akakuta ni metali, chuma na nikeli, na humo kaboni na salfa, na hesabu zikaonyesha hizo almasi zilizaliwa kilomita kama 360 mpaka 750 chini ya ardhi. Shimo lililoshuka chini kuliko yote yaliyowahi kuchorongwa na binadamu, lile la Kola kule Urusi, ni kilomita 12 na kidogo. Kwa hiyo urembo wa shangazi yako umefika ambako mashine haijafika, usiniambie si sayansi.

Sasa nije kwenye langu, na walionisikia mahali pengine wavumilie maana nitalisema tena. Jiwe lisilo na anwani halina kazi maabara. Liwe zuri namna gani, liwe na rangi ya kukutoa machozi, kama hujui limetoka shimo gani, ni pambo tu.

Sababu yenyewe ni hii. Miamba yetu ni ya Ukanda wa Msumbiji, mabara yaligongana na miamba ikapikwa, kati ya miaka milioni 650 na 500 iliyopita, na ukanda huo unatoka Msumbiji unapita kwetu, Kenya, na vipande vyake vingine leo viko Madagaska na Sri Lanka. Mawe yaliyopikwa chungu kimoja yanafanana. Safaya ya Madagaska na ya Sri Lanka zinawatoa jasho wataalamu mpaka leo. Na wakati huo huo mnunuzi anataka karatasi inayosema limetoka wapi, maana rubi ikiandikwa Bama, yaani Myanmar, inalipwa zaidi kuliko dada yake wa Msumbiji hata kama ukiziweka pamoja huzitofautishi. Kwa hiyo maabara inapiga leza, kishimo chembamba kuliko unywele, kile kivumbi kinaenda kwenye mashine inayopima magnesiamu, titaniamu, vanadiamu, kromiamu, chuma na galiamu, halafu namba zinalinganishwa. Zinalinganishwa na nini? Na mawe ambayo anwani zake zinajulikana. Yakikosekana hayo, una mashine ya bei ya ghorofa inayotoa namba tu.

GIA wana utaratibu wa kuzipa sampuli herufi. A, mtaalamu kalichimba mwenyewe. B, limechimbwa macho yake yanaona. C, kapewa na mchimbaji pale pale lakini hakuliona likitoka. D, kanunua kwa mtu wa kati hapo hapo mgodini. E, soko la karibu na mgodi. F, soko la kimataifa huko, Bangkok na kwingineko. Sasa nambie, nani anaweza kupata A na B za Umba kwa urahisi, yule anayepanda ndege mbili akae wiki mbili na mkalimani, au wewe unayepanda basi la Tanga asubuhi na shemeji yako yuko huko huko? Huo ndio mtaji wako. Sio alama zako za chuo.

Na nasema kwa uchungu maana mimi mwenyewe niliuchezea. Nilipokwenda postidoki yangu Ulaya, maabara siitaji, nilibeba safaya 43 za Umba. Nilijiona tajiri. Kila jiwe kwenye kamfuko kake ka plastiki, juu nimeandika kwa maka namba ya shimo, kina, tarehe, kila kitu, halafu mifuko yote nikaishindilia kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Basi, barabara ile mnaijua, kopo likacheza ngoma kuanzia Umba mpaka uwanja wa ndege. Nafika, nafungua mbele ya msimamizi wangu, mzee mmoja mpole anavaa aproni ya buluu, mifuko imesuguana mpaka wino umehamia kwenye vidole vyangu. Zilizosomeka 19. Mzee akanyanyua jiwe moja la zambarau, zuri hilo, akaliangalia kwenye taa, akaniuliza "hili limetoka shimo gani?" Kimya. Akachukua kibano akaanza kuyasogeza trei ya pembeni, moja, lingine, lingine, mawe 24, hakusema neno la ukali, akasema tu haya yatafaa kufundishia. Afadhali angenitukana.

Ngojeni, haijaisha. Katika yale 19 yaliyobaki, matatu sikuyatoa shimoni, niliyanunua kwa dalali barabarani nikayaandika kama ya shimoni, ujana. Moja tukaliweka kwenye hadubini, mzee akaniita niangalie, ndani kuna mistari inapinda kama michirizi ya santuri. Safaya iliyokulia ardhini mistari yake imenyooka na kona zake. Iliyopinda ni ya kiwandani, njia ya Mfaransa Auguste Verneuil, aliitangaza mwaka 1902, wanayeyusha unga kwenye moto inadondoka inajijenga. Mtu kaisugua sugua ikafanana na kokoto ya mtoni akaichanganya na za kweli. Yaani jiwe la kiwanda nimelisafirisha kwa kibali cha serikali mpaka Ulaya kama sampuli ya Tanzania! Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Miezi sita ikaenda na maji, nikarudi Umba kuanza upya, safari hiyo na notibuku ya karatasi, penseli, na kikaratasi ndani ya kila mfuko, sio juu. Ndani. Andikeni hilo hata mkisahau mengine.

Wanasema "lakini mchimbaji hakwambii shimo lake". Kweli, na kwa nini akwambie? Kila anayekuja anachukua picha, anachukua jiwe, haonekani tena. Mnakumbuka 2017 GIA na shirika la Pact pamoja na TAWOMA, chama cha wanawake wachimbaji, walivyowapelekea akina mama wachimbaji wa Tanga kile kitabu cha Kiswahili cha kuchambua mawe, na katrei kake ka kuangalizia mwanga? Mtu anayejua kutofautisha jiwe la maana na kokoto anapata bei nyingine kwa dalali. Nenda na kitu cha namna hiyo mkononi, kaa, kula ugali, ondoka, rudi tena. Mara ya tatu utaonyeshwa mwamba.

Eti? Dakika kumi? Mwenyekiti hebu kuwa na utu.

Haya haraka. Mliosoma fizikia na kemia msijifiche nyuma, hii kazi ni yenu pia. Tanzanaiti nyingi zinatoka shimoni za kahawia, ukizungusha jiwe linakuonyesha rangi tatu, wakilichoma kwenye joto la nyuzi kama 500, 600 ule ukahawia unapotea, linabaki buluu na zambarau, na kuthibitisha kwamba jiwe fulani limechomwa ni shughuli pevu. Hilo ni swali la mwanga na vanadiamu, sio la nyundo. Tunduru nayo, toka miaka ya 1990 watu wanazoa safaya mitoni, mwamba zilimozaliwa uko wapi? Hiyo peke yake ni postidoki mbili. Nilikuwa niseme na spineli ya Mahenge, basi, siku nyingine.

Pa kuomba. GIA wana nafasi ya postidoki iliyopewa jina la Richard T. Liddicoat, makao yao Carlsbad, California, ni ya wenye PhD ya jiolojia, fizikia, kemia, sayansi ya vifaa (materials science) na jamaa zake. Ulaya kuna ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, haiangalii uraia, ila PhD yako isizidi miaka 8 na usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 ya nyuma. Ujerumani kuna ufadhili wa Humboldt. Zote mbili hizo lazima uwe na mwenyeji kabla ya kuomba, kwa hiyo anza kuandika barua sasa hivi sio wiki ya mwisho. Nancy kule Ufaransa ndiko tsavoraiti za ukanda wetu zimechunguzwa sana, kuna Nantes huko huko, kuna Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada, na maabara za Uswisi, SSEF ya Basel na Gübelin ya Lucerne, waandikieni tu hata kama hakuna tangazo. Na barua isianze na "mimi ni kijana mchapakazi". Anza na mawe. Nina sampuli ngapi, za wapi, herufi gani.

Mwisho kibali. Sampuli haitoki bila kibali cha Tume ya Madini, toeni nakala tatu, moja mbaki nayo mwilini, msiiweke kwenye begi la kupakia. Nilijuaje, nitawasimulia kwenye chai.