Laptopu ndogo isiyo na mahali pa CD: kuihifadhi ikiwa nzima, kuifufua ikigoma

Mabibi na mabwana, karibuni. Mada yetu ina mambo mengi ya vitendo, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Laptopu nyingi ndogo za leo hazina mahali pa kutia CD. Zamani mashine ikigoma, mtu alitia CD ya Windows, akawasha, akaendelea. Kwenye hizi ndogo mlango uliobaki ni tundu la USB, tena mara nyingi moja au mawili tu, na nyingi hazina hata tundu la waya wa mtandao. Kazi iliyokuwa ya CD sasa ni ya flashi. Flashi hiyo unaitengeneza mwenyewe, na wakati wa kuitengeneza ni mashine ikiwa bado nzima. Ikishagoma utaazima kompyuta ya mtu, na yapo mambo ambayo hata kompyuta hiyo ya kuazima haitaweza kukupa.

Mtu ataniambia: mbona mashine yangu ina partisheni ya uokoaji (sehemu ya diski iliyotengwa) iliyowekwa na kiwanda? Ndiyo, ipo, na ni nzuri pale Windows ilipoharibika na diski ni nzima. Lakini partisheni hiyo imelala ndani ya diski ileile. Diski ikifa, vyote viwili vimekwenda. Na kwenye laptopu za bei ya chini zenye eMMC (chipu ya kuhifadhia inayochukua nafasi ya diski) ya GB 32 au 64, hifadhi hiyo imechomelewa kwenye bodi. Huwezi kuichomoa ukaitia kwenye mashine nyingine kama unavyofanya na SSD ya M.2, yaani diski ya chipu inayochomeka. Bodi ikiungua, mafaili yameungua nayo. Ndiyo maana nasema mashine ndogo inahitaji nakala kuliko ile kubwa.

Nianze na kitu kinachosahaulika kuliko vyote: ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski. Laptopu nyingi zenye Windows 10 na 11 hujifunga zenyewe kwa usimbaji (data kugeuzwa isisomeke bila ufunguo) pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Mwenye mashine hana habari. Siku anapobadilisha kitu kwenye BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) au fundi anapobadilisha bodi, kinatokea kioo cha buluu kinachodai tarakimu 48. Bila hizo, diski nzima kabisa inakuwa haina faida. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa haki za msimamizi (Run as administrator), andika:

manage-bde -status C:

Ikionyesha kwamba diski imesimbwa, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Utaona mafungu 8 ya tarakimu 6, na juu yake kitambulisho cha ufunguo. Nakili vyote viwili kwenye karatasi, maana kile kioo cha buluu hukuonyesha kitambulisho ili ujue ni ufunguo upi kinautaka. Karatasi isikae kwenye mkoba wa laptopu. Ufunguo huohuo kwa kawaida unapatikana pia ndani ya akaunti ya Microsoft, lakini hakikisha kwamba nywila ya akaunti hiyo unaikumbuka bila msaada wa laptopu yenyewe.

Sasa flashi. Andika RecoveryDrive kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Programu itakuuliza kama inakili na mafaili ya mfumo. Kubali, na uwe na flashi ya GB 16 au zaidi. Kila kilichomo kitafutwa, na kazi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo chomeka chaja. Ukikataa kunakili mfumo, utapata flashi yenye zana za ukarabati peke yake, nayo haiwezi kusakinisha Windows upya. Na lieleweke hili: flashi hii haina hata barua yako moja. Ukisakinisha mfumo kwa kuitumia, diski inasafishwa.

Kabla ya kuiamini flashi, ipime. Ziko flashi za bandia zilizoandikwa GB 64 na ndani zina GB 8. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, ila kilichozidi ule uwezo wa kweli hakisomeki tena. Programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, huijaza flashi yote kisha huisoma tena na kulinganisha. Ni kazi ya kusubiri, lakini inafaa kila dakika.

Jaribio la pili ni kuiwasha laptopu kwa flashi hiyo. Zima, chomeka, washa huku ukibonyeza kitufe cha menyu: F12 kwa Dell na nyingi za Lenovo, F9 kwa HP, Esc kwa laptopu nyingi za ASUS. Acer nayo hutumia F12, lakini mara nyingi kitufe hicho kimezimwa, hivyo unaingia kwanza BIOS kwa F2 na kukiruhusu. Kwenye kibodi ndogo huenda ukalazimika kushikilia Fn pia. Flashi isipoonekana kabisa, chunguza Secure Boot (ulinzi unaozuia mfumo usioidhinishwa kuwaka), na kwenye mashine za zamani kidogo zenye prosesa ndogo za Intel za Atom chunguza jambo jingine: baadhi yake zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI (BIOS ya kisasa) ya biti 32. Flashi ya Linux ya biti 64 haitaonekana hapo mpaka kwenye folda ya EFI/BOOT pawe na faili la bootia32.efi. Wengi huitupa flashi nzuri kwa sababu hii tu.

Tuje kwenye picha nzima ya diski, yaani Windows, programu na mafaili kwa pamoja. Clonezilla, programu inayowashwa kutoka kwenye flashi yake, inafanya kazi hii vizuri na ni ya bure, lakini andaa Windows kwanza. Windows ya kisasa ukiizima haizimiki kweli: huacha sehemu ya mfumo imelala ndani ya diski ili iwake haraka, na Clonezilla ikiona hivyo hukataa kunakili au hulalamika. Andika powercfg /h off kwenye dirisha lilelile la msimamizi, kisha zima. Amri hii pia hufuta faili la kulalia linalokula nafasi, na kwenye eMMC ya GB 32 nafasi hiyo ni mali. Diski iliyosimbwa ni shida nyingine: Clonezilla kwa kawaida haioni lipi limejaa na lipi tupu, hivyo hunakili kila kipande, na picha inakaribia ukubwa wa diski yote. Dawa ni kuondoa usimbaji kwa manage-bde -off C:, kusubiri mpaka hali ionyeshe asilimia sifuri, kisha kuendelea.

Kama tundu la USB ni moja, kwenye menyu ya kwanza ya Clonezilla chagua To RAM. Programu inahamia yote kwenye kumbukumbu, unachomoa flashi na kuchomeka diski ya nje mahali pake. Kisha unachagua device-image, halafu local_dev, halafu savedisk. Picha ipe jina lenye mfano wa mashine na tarehe. Ikikuuliza kama ihakiki picha baada ya kuiandika, kubali. Data ya GB 40 kupitia USB 2.0, kwa mwendo wa MB 30 hivi kwa sekunde, ni dakika 22 hivi, lakini prosesa dhaifu hurefusha kwa sababu ya kubana data.

Diski ya nje iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT. Fomati ya FAT32 haipokei faili moja la kufikia GB 4. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga na kupotea katikati ya kazi, usikimbilie kusema imekufa. USB 2.0 hutoa miliampea 500, USB 3.0 hutoa 900, na diski inayozunguka inaweza kutaka zaidi ya hapo inapoanza. Jaribu waya mfupi, au habu yenye umeme wake yenyewe.

Kurudisha ni restoredisk. Diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ile ya mwanzo. Hapa ndipo watu hufuta diski wasiyoikusudia, basi soma majina polepole: eMMC huitwa mmcblk0, diski za SATA na za USB huitwa sda au sdb, SSD za NVMe huitwa nvme0n1. Linganisha na ukubwa wa GB kabla ya kukubali.

Mafaili ya kila siku hayahitaji picha nzima. Amri hii inatosha, ukiweka jina lako la mtumiaji, na herufi ya diski yako ya nje badala ya E:

robocopy C:\Users\jina E:\nakala /E /XJ /R:1 /W:1

Usiache /XJ, maana bila hiyo inaweza kuzunguka ndani ya folda zinazojirudia bila mwisho. Na usiongeze /MIR kama huielewi, kwa sababu hufuta kwenye nakala kila kisichokuwepo kwenye laptopu. Ukimaliza, chomoa diski. Virusi vya kudai fidia husimba na diski iliyochomekwa. Wanaotegemea OneDrive wajue mambo mawili. Ukifuta faili huku, linafutwa na kule. Na kwenye diski ndogo, faili linaloonyesha alama ya wingu liko kwa jina tu. Yaliyomo hayamo kwenye mashine, kwa hiyo hayatakuwemo kwenye picha ya diski.

Mashine ikigoma kweli, toa mafaili kwanza, ukarabati baadaye. Iwashe kwa flashi ya Linux isiyohitaji kusakinishwa, fungua diski ya ndani, nakili kwenda ya nje. Kama diski inasoma kwa kusitasita, tumia ddrescue (programu ya Linux ya kunakili diski mbovu), na usiendeshe chkdsk (kikaguzi cha diski cha Windows), maana chkdsk ikirekebisha huandika kwenye diski inayokufa. Faili ulilolifuta kwenye SSD huwa gumu kurudi, kwani TRIM, amri ya mfumo kwa SSD, husafisha nafasi yake muda mfupi baadaye.

Ukisakinisha Windows upya na kisakinishi kisione diski yoyote, kwenye mashine nyingi za Intel kinachokosekana ni draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya diski ya Intel, iitwayo VMD au RST. Pakua kutoka kwa mtengenezaji, itie kwenye flashi, ipakie pale pale. Windows ikikaa, Wi-Fi na padi ya kugusa zinaweza kuwa kimya. Hilo linazuilika mapema kwa kuunda folda kwenye diski ya nje na kuandika:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Kama hukufanya hivyo, chomeka simu kwa waya na ushiriki intaneti yake kupitia USB. Laptopu zilizouzwa na Windows 8 au zaidi zina ufunguo wa leseni ndani ya UEFI, kwa hiyo ukisakinisha toleo lilelile hutaombwa namba.

Mfumo mpya ukishakaa, rudisha usimbaji, kisha endesha tena manage-bde -protectors -get C: na uandike tarakimu upya. Zile 48 za zamani hazifungui diski hii tena. Zinabaki na kazi kwa nakala iliyochukuliwa ikiwa bado imesimbwa, kwa hiyo ziandikie tarehe na uzitunze pamoja na nakala hiyo.